Kitabu cha Mwalimu Wangu

Mazungumzo ya ibada ya asubuhi yaliyotolewa redioni. Somo: Waebrania 13:7.

Nakusalimu popote ulipo asubuhi hii: wewe mama uliye jikoni ukingoja chai ichemke, wewe uliye njiani kwenda kukata miwa huko Awendo, na ninyi wavuvi wa Muhuru na Karungu ambao ndio kwanza mnatoka ziwani wakati wengine tunaamka. Kaeni nami dakika chache.

Somo letu ni mstari mmoja tu, Waebrania sura ya 13, mstari wa 7. Ukiwa na Biblia karibu, ifungue. Ukiwa huna, utausoma jioni ukifika nyumbani. Mwandishi anawaambia Wakristo wawakumbuke wale waliowatangulia na kuwafundisha Neno la Mungu. Lakini haishii hapo. Anataka wautazame mwisho wa mwenendo wao, kisha waifuate imani yao. Angalieni, hasemi tuwajengee kaburi la marumaru. Hasemi hata kwamba tuwasifu. Anasema tutazame jinsi walivyomaliza.

Leo nataka tumkumbuke mwalimu mmoja, Profesa John Mbiti. Najua baadhi yenu hamjapata kulisikia jina hilo, na wengine mnauliza, Mkamba wa Kitui ametuhusu nini sisi watu wa Migori? Nivumilieni. Hata mimi sikupata kumwona kwa macho. Nilifundishwa na mtu aliyefundishwa naye, nami namjua kama vile mtu anavyomjua babu yake kwa kumsikiliza baba yake.

Jioni moja ya mwezi wa Oktoba, mwaka 2019, simu yangu ililia. Alikuwa mwalimu wangu wa chuo cha theolojia, mzee ambaye alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kijijini kwao. Hakunisalimu. Alisema tu, "Mwalimu ametutoka." Sikuuliza mwalimu gani. Katika miaka yote aliyotufundisha, mtu mmoja tu ndiye aliyemwita Mwalimu bila kuongeza jina, naye ni Profesa Mbiti, aliyemfundisha Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1970. Profesa alikuwa amefariki huko Burgdorf, Uswisi, akiwa na umri wa miaka 87. Tulinyamaza kidogo. Kisha mzee akacheka, akaniuliza, "Na kile kitabu changu, Pasta, umekwisha kukisoma?"

Hapo nilitamani simu ikatike.

Kitabu chenyewe kilikuwa *African Religions and Philosophy*, ambacho Profesa Mbiti alikitoa mwaka 1969. Mwalimu wangu alikinunua akiwa mwanafunzi Kampala. Jalada lake lilikuwa limeshikiliwa kwa gundi na karatasi ya kaki, na pembeni mwa kurasa alikuwa ameandika kwa penseli, kila mahali, maandishi madogo kama sisimizi. Alinikopesha nilipokuwa naandika insha ya mwaka wa pili. Nikamaliza insha, nikamaliza chuo, nikawekwa wakfu kuwa shemasi, kisha kasisi, nami nikahama nacho kutoka parishi moja hadi nyingine. Sikukiiba. Lakini mtu anayekaa na kitu cha mwenzake zaidi ya miaka kumi, ndugu zangu, tofauti yake na mwizi ni ndogo. Nikamjibu, "Nitakuletea, Mwalimu. Krismasi ikipita, naja mwenyewe."

Basi huyo Mwalimu wa mwalimu wangu alikuwa nani? Alizaliwa Mulango, Kitui, tarehe 30 Novemba 1931, akalelewa katika Kanisa la Africa Inland. Alisoma Alliance, akasoma Makerere, akavuka bahari kwenda Marekani, halafu Cambridge huko Uingereza, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1963. Akawekwa wakfu kuwa kasisi katika Kanisa la Anglikana, akatumika kwa muda mfupi huko St Albans, na mwaka 1964 akarudi Makerere kufundisha. Alikaa hapo miaka kumi.

Ni vigumu kwa vijana wa leo kufahamu jambo hilo lilikuwa na uzito gani. Mwalimu wangu alitusimulia kwamba yeye alikwenda Makerere akiwa amekwisha kufundishwa kuwa nyumba ya bibi yake ilikuwa giza tupu. Kila kitu cha wazee kilikuwa cha shetani: nyimbo zao, majina yao, hata namna walivyoomba mvua. Kisha akasimama mbele yao Mwafrika, kasisi mwenye kola shingoni, daktari wa Cambridge, akawauliza kila mmoja aseme wazee wa kwao walimwita Mungu kwa jina gani. Darasa likakaa kimya. Waliona haya. Mwalimu wangu ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo, "Nyasaye."

Profesa alikuwa akiyakusanya majina hayo, pamoja na sala na mithali, kutoka karibu makabila mia tatu ya Afrika, na mwaka 1970 akayatoa katika kitabu kingine kikubwa. Jambo alilotaka watu waone ni hili, nami nalisema kwa maneno yangu: wamisionari hawakuingia katika nyumba tupu. Walipopiga hodi, Mwenyeji alikuwa ndani. Jina Nyasaye halikuletwa kwa meli. Bibi zetu walilitaja alfajiri wakilielekea jua, kabla ya mtu yeyote hapa kuiona Biblia, na wale waliotafsiri Biblia kwa Kijaluo walipotafuta neno la kumtaja Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, walilikuta liko tayari midomoni mwa watu.

Wapo waliodhani kwamba Profesa alifundisha kuwa dini ya mababu yatosha. Sivyo. Alikuwa mhubiri wa Kristo tangu mwanzo hata mwisho. Wapo pia waliompinga kwa upande mwingine, kama vile Okot p'Bitek, yule mshairi wa Waacholi, aliyesema kwamba wasomi wa namna yake waliwavika miungu wa Afrika nguo za Wazungu. Mwalimu wangu alitulazimisha tuwasome wote wawili. Alisema mwanafunzi anayeogopa kumpinga mwalimu wake bado hajamsoma.

Lakini kisa cha Profesa nilichokipenda kuliko vyote ni kile cha kijana wa Kiafrika aliyekaa ng'ambo miaka mingi akisomea theolojia. Alijifunza Kigiriki, Kiebrania, Kilatini na Kijerumani, akarudi na mizigo ya vitabu hata akalipishwa uzito uliozidi. Kijiji kizima kikaja kumpokea kwa karamu. Katikati ya furaha dada yake mkubwa akaanguka chini akipiga kelele, watu wakasema ameingiwa na pepo. Wote wakamgeukia msomi wao. Naye akasema apelekwe hospitali, na hospitali ilikuwa mbali sana. Wakamwambia, wewe ndiwe uliyesomea mambo ya Mungu, msaidie dada yako. Kijana akakimbilia vitabu vyake, akafungua wataalamu wa Ujerumani, akakuta humo kwamba mambo ya pepo ni masimulizi ya watu wa kale tu. Na dada bado yuko chini.

Darasani tulicheka mpaka machozi. Sikucheka tena katika mwaka wangu wa kwanza wa ushemasi, nilipoamshwa usiku nikapelekwa kwa pikipiki hadi boma moja huko Nyatike, nikakuta mama mmoja sakafuni, watu wamemzunguka, nao wote wakanitazama mimi. Nilikuwa na stashahada. Sikujua pa kuanzia. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye hakupita darasa la nne, ndiye aliyepiga magoti kwanza na kuanza kuomba, nami nikamfuata. Asubuhi tulimpeleka zahanati pia, maana maombi na dawa havigombani. Lakini usiku ule nilifahamu kwa nini Profesa aliandika kisa kile, na kwamba hakukiandika ili tucheke.

Sasa niwaambie habari ya maneno mawili. Katika kitabu kile nilichokuwa nacho, Profesa aliyachukua maneno ya Kiswahili tunayoyatumia kila siku, *sasa* na *zamani*, akayapa kazi kubwa, hata leo wanafunzi wa Ulaya na Marekani huyaandika katika mitihani yao wakidhani ni maneno magumu. Alisema hivi: kwa wazee wetu, sasa ni wakati ulio karibu nasi, pamoja na mambo tuliyoyaona na yale yaliyo mlangoni kuja. Zamani ni wakati mkubwa ambamo mambo yote huishia. Mtu akifa haondoki katika sasa mara moja. Maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, yupo aliyeijua sura yake na sauti yake, huyo marehemu yungali karibu. Siku atakapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama katika zamani, na jina lake pamoja naye.

Ninyi wa ziwani mtalielewa jambo hili upesi. Usiku, taa za wavuvi wa omena huonekana toka ufuoni, nyingi kama mji. Mke wa mvuvi husema, ile pale ni ya baba watoto. Taa ikizidi kwenda mbali hupungua, hupungua, mpaka asiweze kuitenga na nyingine.

Na sisi Wajaluo je? Kwa nini tunampa mtoto jina la marehemu? Mimi mwenyewe nimebeba jina la babu ambaye alikufa kabla sijazaliwa. Ni njia yetu ya kuizuia taa isipotee. Wapo wasomi waliobishana na Profesa, wakisema Mwafrika huwaza na mambo ya mbele pia, wala haishii nyuma tu. Yawezekana wana haki. Lakini juu ya kuogopa kusahauliwa, nimezika watu wengi katika wilaya hizi zetu, nami nasadiki kwamba alitujua.

Aliondoka Makerere mwaka 1974, wakati Uganda ilipokuwa chini ya Idi Amin. Akawa mkurugenzi wa Chuo cha Kiekumene cha Bossey karibu na Geneva hadi 1980. Baada ya hapo angaliweza kukaa katika vyuo vikuu tu akipokea heshima, na kweli alifundisha pia Chuo Kikuu cha Bern. Lakini yeye alikuwa pia mchungaji wa usharika katika mji mdogo wa Burgdorf, muda wa miaka kumi na mitano hivi, hadi 1996. Mtu ambaye vitabu vyake vilisomwa duniani kote alikuwa akibatiza watoto wa Waswisi, akiwatembelea wagonjwa na kuzika wazee.

Na mwisho wa mwenendo wake? Hili ndilo mwalimu wangu alilonisimulia katika simu ile, baada ya kunidai kitabu. Katika uzee wake Profesa alikaa na Agano Jipya la Kigiriki, akalitafsiri lote kwa Kikamba, kitabu kwa kitabu. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2014, naye alikuwa amepita miaka themanini. Lugha zote alizojifunza, shahada zote, safari zote, akazileta kwa mama wa Kitui anayeuza maembe kando ya barabara, ili alisikie Neno kwa lugha aliyonyonya nayo. "Umeona?" mwalimu wangu aliniuliza. "Yule kijana wa kisa hatimaye amempata dada yake."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Huku kwetu tunayo Muma ya Kijaluo, ndugu zetu Wakuria wanayo Biblia yao, na hata Wasuba, ambao watoto wao wengi sasa wanazungumza Kijaluo, wanalo Agano Jipya la lugha yao. Tunayachukua kama vile yaliota yenyewe. Nyuma ya kila ukurasa kuna mtu aliyekaa kitini mpaka mgongo ukauma.

Sasa nirudi kwenye kitabu changu, yaani kitabu chake. Krismasi ya 2019 ilipita. Sikwenda. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, nami nikapata udhuru. Udhuru ulipokwisha nikapata mikutano ya kanisa, na harambee, na mazishi ya wengine. Na si kwamba alikaa mbali! Ni kuvuka kwa feri toka Mbita hadi Luanda Kotieno, halafu bodaboda. Siku moja ingalitosha. Mapema mwaka 2022 wakanipigia simu kwamba amefariki.

Mazishi yake yalikuwa makubwa. Wanafunzi wake wa zamani tulichanga: maturubai, vipaza sauti, fulana zenye picha yake, basi zima la kwaya. Kila mmoja wetu alisimama akasema jinsi mzee alivyomfaa. Mimi nilisema pia, tena kwa ufasaha. Nikiwa kwenye kipaza sauti nilikuwa najua kwamba nauli niliyoitumia siku ile ni ile ile niliyoikosa miaka miwili. Wewe msikilizaji ambaye mwalimu wako yu hai, aliyekufundisha kusoma, au aliyekufundisha Katekisimu, au fundi aliyekushikisha msumeno mara ya kwanza, sina la kukuambia ila hili: mimi nilichelewa.

Baada ya majuma mawili nilivuka tena, peke yangu, na kitabu mfukoni. Mama mjane alinipokea, tukaketi chini ya mwembe. Nilimpa kitabu kwa mikono miwili nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza. "Kitabu hiki? Mzee alikuwa akisema kiko Migori kinafanya kazi." Hakuwa na miwani. Akaniomba nimsomee maandishi ya mumewe, apate kusikia tu alivyokuwa akisema.

Nikafungua pale penye habari ya sasa na zamani. Pembeni, kwa penseli, kijana wa miaka ishirini na kitu alikuwa ameandika hivi: "Na akifa wa mwisho anikumbukaye? Nimwulize Mwalimu." Chini yake, kwa wino, kwa mwandiko wa mtu mzima, kulikuwa na neno moja tu na namba: "Luka 23:42."

Sijui kama ni Profesa aliyemjibu hivyo, au ni jibu alilolipata mwenyewe baada ya miaka. Mama akauliza, "Luka anasema nini hapo?" Nikatoa Agano langu nikamsomea. Mnajua habari hiyo. Ni yule mhalifu aliyesulubiwa ubavuni mwa Bwana, anayeomba akumbukwe Yesu atakapoingia katika ufalme wake.

Mtazameni mtu huyo. Hakuna anayemtungia wimbo. Jina lake Luka hakuliandika. Hakuna mtoto atakayepewa jina la mwizi. Taa yake imekwisha kuwa mbali kuliko taa zote. Naye haombi ashushwe msalabani, anaomba kitu kile kile bibi zetu walichokitaka: nisizame, nikumbukwe na mmoja. Na Bwana katika kumjibu, mstari wa 43, hakumwahidi kwamba jina lake litatajwa na vizazi vijavyo. Alimwambia kwamba siku iyo hiyo watakuwa pamoja. Profesa Mbiti aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1971, juu ya tumaini la Agano Jipya na jinsi Wakamba wanavyohesabu wakati. Nimekisoma, ni kigumu. Mwanafunzi wake alikiweka chote katika neno moja la Luka, kwa wino.

Mama alikaa kimya muda. Watoto wake wawili wametangulia kaburini, mmoja akiwa mchanga hata hakupewa jina kubwa, na katika dunia hii ni yeye tu anayeikumbuka sura yake. Hilo aliniambia hapo chini ya mwembe, nami naamini ndilo alilokuwa akilifikiria tangu nilipoanza kusoma. Akasema, "Basi naye anamkumbuka." Nikamwambia, "Ndiyo, Mama. Naye."

Nilipoaga alinirudishia kitabu. Nikakataa, akasisitiza, na katika boma la watu hushindani na mama mjane. Sasa hakiko kwangu tena. Kiko kwa mwinjilisti kijana huko Kuria anayejiandaa kwenda chuo. Nimemruhusu aandike pembeni, ila kwa penseli.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyewajua mababu zetu na kujulikana nao kwa jina, tunakushukuru kwa ajili ya mtumishi wako John, na kwa walimu wote waliotufikishia Neno lako. Kila msikilizaji na amtaje wake moyoni sasa. Uwafariji wale ambao ni wao peke yao wanaomkumbuka mtu fulani. Utukumbuke na sisi katika ufalme wako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.